Mpangaji wa Kinena

Kilimwingilia wapi hasa, mpaka leo sijajua: kwa njia ya sindano, au kilikuwa kimejibanza mwilini mwake miaka yote kikingoja mlinzi alale. Ninachojua ni kwamba Thorkild, mfuga nguruwe wa hapa kwetu Jutland magharibi, alipasuliwa ngiri ya kinena Jumatatu asubuhi na kurudi nyumbani mchana. Kabla ya kumshona, daktari alikichoma kidonda dawa ya ganzi ili akiamka asiteseke. Ganzi hiyo huisha siku hiyohiyo.

Jumanne nesi Solvej alipiga simu, kama ilivyo desturi, kuuliza maumivu ni ya kiwango gani kati ya sifuri na kumi. Sifuri, akajibu Thorkild. Jumatano, sifuri tena, na nesi akampongeza. Huku kwetu hata aliyevunjika mguu husema si vibaya sana, basi nani angeshtuka? Mkewe, Jytte, alimtania kwamba sasa amepata mto wa kuchomekea sindano zake za kufumia.

Alhamisi, wakati wa kifungua kinywa, kahawa ya moto ilimmwagikia Thorkild tumboni. Ngozi ikababuka. Yeye akafungua ukurasa mwingine wa gazeti.

Jytte alipoinama kumfuta alisikia harufu ya udongo mbichi, na chini ya bandeji mkwaruzo, kama mtu anayesogeza samani katika chumba kipya.

"Nani humo?" akanong'ona.

Midomo ya mumewe haikutikisika. Sauti ilitoka kinenani.

"Hapaumi hapa, mama. Pasipouma hapana mwenyewe. Nimehamia."

Jytte akamwita Solvej, naye akaja mbio. Alichora kwa kalamu mstari pale ganzi ilipokoma, chini ya mbavu, na hawajamaliza kunong'onezana ganzi ilikuwa imeuvuka kwa vidole viwili, ikipanda kuelekea moyoni bila haraka, na ile harufu ikijaa jikoni hadi ikabidi wapumulie mdomo, na mkwaruzo ukiendelea, ukiendelea, kama kuna vyumba vingi bado vya kupangwa.

Daktari, kwenye simu, alisema wasubiri Jumatatu.

"Kikifika moyoni, dada, utabaki na mwili unaopumua tu," Solvej akasema. Kwa maoni yake maumivu pekee ndiyo yangemrudishia Thorkild mwili wake. Akagusa uzi wa kwanza, na mkono wake ukafa ganzi kuanzia vidole hadi kiwiko.

"Karibu, bibi nesi," sauti ikacheka. "Nafasi ipo."

Thorkild akamtazama mkewe. "Kata wewe, Jytte. Mimi bado nipo, huku juu."

Ikaamuliwa hivyo: kidonda kifunguliwe palepale mezani, bila dawa. Solvej alimshika mgonjwa mabega kwa mkono wake mmoja mzima. Aliyekata ni Jytte, kwa mkasi, bila kuugusa uzi kwa vidole, uzi baada ya uzi, akiita jina la mumewe kwa sauti ya chini. Na Thorkild alipoanza kupiga mayowe, na ile sauti ya kinenani pamoja naye, Jytte hakuacha. Aliendelea mpaka yowe likawa la mtu mmoja.