Nyigu Wadogo kwenye Nyanya za Mama

Mama alipanda nyanya nyuma ya jiko, kisha akaugua. Hakuziona zikichanua. Tangu tumzike, baba huzimwagilia kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso.

Asubuhi moja aliniita kwa sauti kali. Viwavi wanene wa kijani walikuwa wametafuna majani. Mmoja alibeba mgongoni vitu vyeupe, kama punje za mchele.

"Tazama, ana mayai!" alisema baba. "Yakianguliwa haya, nyanya za mama yako basi tena."

Bomba la dawa lilikuwa tayari begani.

"Mzee, ngoja kwanza!" Alikuwa Mama Miche, jirani yetu anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche. "Unataka kuua walinzi wako?"

"Walinzi gani? Hawa walafi?"

Mama Miche akainama. "Kiwavi hatagi, mzee. Bado ni mtoto. Anayetaga ni nondo, na mayai huyaacha kwenye majani. Hivi vyeupe ni vifuko vya nyigu wadogo. Mama yao alimdunga kiwavi akataga ndani yake. Watoto wakamla kwa ndani, wakatoka, wakajisokotea vifuko."

"Wakamla yuko hai?" niliuliza.

"Hai kabisa."

"Makubwa!" Baba akashusha bomba. "Na hao nyigu hawatatuuma?"

"Nyigu mwenyewe ni kama sisimizi mwenye mabawa, kiuno chembamba. Hana habari na wewe. Kiwavi mwenye vifuko mwache, huyo hali tena. Asiye na vifuko mtoe kwa mkono. Ukipiga dawa, unaua adui na rafiki."

Baba akarudisha bomba stoo. Tukakagua jani kwa jani. Siku chache baadaye vifuko vilifunguka, wakatoka wadudu weusi wadogo sana. Nilitaka kusogea, baba akanishika mkono.

"Usipumue kwa nguvu. Utawapeperusha."

Viwavi wakapungua, majani mapya yakachipua. Nyanya zilipoiva, baba alizipika mwenyewe. Alizidisha chumvi.

"Baba, chumvi!"

"Kula. Mama yako hakuwahi kulalamikia mapishi yangu."

"Alilalamika kila ulipopika, baba."

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Kisha akafuta macho, akajiongezea.