Sajini Aligonga Mara Mbili

Fimbo iligonga jukwaani mara mbili, ko, ko, na Bi Daftari akajibu. Hapo ndipo alipokosea, lakini nani angemlaumu? Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kukaa kwenye shimo lililo chini ya ukingo wa jukwaa, daftari la mchezo magotini, na kumnong'oneza mwigizaji aliyesahau maneno. Na aliyesahau kuliko wote alikuwa Sajini, askari mstaafu mwenye goti bovu na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Akikwama aligonga fimbo mara mbili, Bi Daftari akampa neno, mzee akaendelea, na watazamaji hawana habari. Kwa hiyo alasiri ile, akiwa shimoni anafagia, aliposikia ko, ko, ulimi ulimtangulia. Akanong'ona mstari wa mchezo wao wa mwisho, "Mwanangu, nifungulie mlango."

Ndipo akakumbuka kwamba Sajini alizikwa siku tisa zilizopita.

Akatoa kichwa. Jukwaa tupu. Fimbo yenyewe ilikuwa imelazwa kitini, kando ya picha ya marehemu, tayari kwa kumbukumbu ya Jumamosi. "Panya," akajiambia. Panya gani anayepiga hodi kwa adabu namna ile? Aliporudi kuchukua ufagio, shimo lilimnukia udongo, udongo mbichi uliochimbwa sasa hivi, na shimo lile lilikuwa la saruji tangu yeye hajaolewa.

Sajini alipendwa, jamani, usiombe. Medali yake ya vita aliwahi kumvalisha mbuzi kwenye igizo, watu wakavunjika mbavu. Alicheza wafalme, alicheza walevi, alicheza mama mkwe bila kunyoa masharubu. Nusu ya watoto wa mtaa alikuwa amewafundisha kusimama mbele za watu bila kutetemeka. Ndiyo maana mwongozaji wa kikundi alimwomba Bi Daftari atoe hotuba ya kumbukumbu.

"Binti yako atakaa shimoni akunong'oneze," alisema. "Unaujua mwiko wetu."

Mwiko aliuweka Sajini mwenyewe, wala hakuna aliyejua sababu: mtu asipande jukwaani shimo likiwa tupu. Binti wa Bi Daftari, msusi, mcheshi, mtoto wake wa pekee, alikubali hata kabla hajaombwa.

Alhamisi Bi Daftari alikwenda kufanya mazoezi peke yake. Mchana kweupe, madirisha wazi, akaona mwiko si kitu. Akapanda, akaanza vizuri, kisha neno likampotea. "Sajini alikuwa mtu... alikuwa mtu aliye..."

"Aliyerudi peke yake," likasema shimo.

Haikuwa sauti ya mwanamume wala ya mwanamke, ilikuwa kavu, ya kinywa chenye mchanga, na haikutokea mbali kama sauti ya shimoni inavyopaswa kutokea bali ilikuwa sikioni kabisa, pamoja na harufu ile ya udongo na ubaridi wake, na jambo lililomtoa jasho Bi Daftari, lililomshusha ngazi mbilimbili hadi barabarani akiwa na kiatu kimoja, si kwamba ilisema, bali kwamba midomo yake yeye mwenyewe ilikuwa imeanza kulirudia neno lile.

Akaenda moja kwa moja kwa mjane wa Sajini.

"Funga mlango kwanza," alisema mjane, hata kabla ya salamu. "Kimekugongea?"

"Kimegonga, Bibi."

"Ukanyamaza?"

"Nilijibu."

Mjane akaziba mdomo kwa kanga. Alipoitoa alizungumza chini chini, macho yake kwenye kona ya chumba. "Mume wangu hakusahau neno hata moja maisha yake yote. Michezo ile aliijua kama jina lake."

"Sasa alikuwa ananigongea nini?"

"Vitani handaki liliwaporomokea. Saba. Siku nne chini ya udongo. Wenzake walikufa mmoja mmoja, na humo ndani kuna kitu kilikuwa kinamnong'oneza: geuka huku, chimba hapa, pumua. Akakitii, akatoka. Na chenyewe kikatoka naye. Toka siku hiyo kila akifungua kinywa kinamletea maneno. Alikimbilia maigizo kwa sababu kule maneno yameshaandikwa. Kikimkaribia sana alikuwa anagonga, asikie sauti ya mtu. Yako wewe, mwanangu. Ulikuwa ukuta wake."

"Na shimo?"

"Shimo likiwa tupu kinakaa humo. Kinapenda mashimo."

"Tutafute mganga."

"Waganga watatu wamepita nyumba hii. Wa tatu aliondoka bubu. Hakifukuzwi, kinahama. Kinamtaka aliyekijibu, akilichukua neno lake. Akilikataa, kitamchukua atakayekaa shimoni."

Bi Daftari hakusikia lingine. Alimwona mwanawe, mkasi mfukoni na kicheko kinywani, akiinama kuingia mle.

Ijumaa alimkataza binti. Binti akacheka, "Mama, unaniogopesha kwa kishimo?" Basi Jumamosi asubuhi alikwenda na nyundo, akakipigilia misumari saba kile kimlango cha kuingilia shimoni. Hotuba aliiandika yote, neno kwa neno. Angeisoma bila kuinua macho, angeshuka, na kikundi kingehama ukumbi ule hata kama ni kwa kusingizia mchwa. Alipiga moyo konde.

Saa kumi ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, na kama asingegeuza jicho mara moja tu kwenye ile picha, ambamo mzee alikuwa amevaa gauni la mama mkwe na kucheka kwa meno yake manne, mambo yangeishia hapo. Lakini aligeuza. Kilio kikampanda, maandishi yakaelea machoni, sauti ikakata. Alimpenda mzee yule. Watu wakaanza kukohoa.

"Aliyerudi peke yake," likasema shimo. "Sema."

Akakaza meno. Chini ya miguu yake akasikia kitu kingine: mbao zikilia, msumari ukitoka, na sauti ya mwanawe, nyepesi, yenye huruma, "Mama, tulia, nakuja! Nani kapigilia hapa?" Msumari wa pili ukatoka, wa tatu, na Bi Daftari akataka kupiga kelele usishuke, lakini koo lilikuwa limeziba na katika koo lile palikuwa na nafasi ya neno moja tu, lile lililokuwa likingoja, baridi, lenye ladha ya udongo, na msumari wa sita ukaanguka sakafuni ukiviringika.

"Aliyerudi peke yake," akasema Bi Daftari kwa sauti kubwa.

Kimlango kikatulia. Maneno yakaja yenyewe, mazuri ajabu. Akawahadithia handaki, akawataja wale sita kwa majina, na kila mmoja neno lake la mwisho. Ukumbi mzima ulilia. Mwongozaji alimkumbatia. Mjane peke yake hakupiga makofi.

Kesho yake asubuhi binti akamimina chai mezani.

"Mama, yale ya handaki ulielezwa na nani?"

Bi Daftari akafungua kinywa. Sikioni neno lilikuwa limeshafika, na halikuwa jibu la swali lile. Lilimhusu huyu mtoto, na siku yake ya mwisho. Akafumba kinywa upesi, akashika kijiko, akagonga meza mara mbili.

"Mama?"

"Sema kitu. Chochote, mwanangu. Haraka."

Binti akacheka. "Makubwa! Niseme nini sasa? Sukari."

"Sukari," akasema Bi Daftari, akiling'ang'ania neno lile kwa nguvu zake zote, na mkono ukainua kijiko tena.