Ukoo wa Ng'ombe na Ukoo wa Felisita

Kaeni vizuri niwatege kitendawili, wajukuu na majirani. Nimo ndani ya jembe, nimo ndani ya damu. Nikipungua unachoka, nikijazana mahali nisipotakiwa namwangusha mtoto. Mimi ni nani? Msijibu haraka. Kwanza twende Nkololo, nyumbani kwa Esteria.

Ilikuwa siku ya kuchuma pamba. Esteria ameinama kwenye mstari wake, mama mkwe wake Ng'washi kwenye mstari wa pili, wanataniana nani ana mikono mivivu. Felisita, binti wa Esteria mwenye miaka saba, akatokea mbali akikimbia na kidumu cha maji. Kwa mbio alikuwa amewaacha watoto wote wa darasa lake. Esteria akanyoosha mgongo amtazame, maana ilikuwa raha kumtazama. Ndipo mguu wa mtoto ukajipinda, akaanguka mahali pasipo na jiwe wala kisiki.

"Umejikwaa wapi?"

"Sijajikwaa, mama. Mguu umekataa."

Toka siku hiyo mguu ukaendelea kukataa. Mwaka ulipopita mikono nayo ikaanza kujikunja, na maneno yakawa yanatoka kwa taabu, kama mtu aliyeshika kipande cha ugali wa moto mdomoni. Masunga, mume wa Esteria, akaenda kwa mganga. Mganga akapasua kuku, akachungulia ndani, akasema ubaya umetoka upande wa mama. Basi. Masunga akaagiza mtoto awe anafungiwa chumba cha nyuma wageni wakija.

Mnaona mambo yalivyoharibika? Kuku mwenyewe hakuwahi hata kumjua mama yake Esteria.

Esteria akambeba mtoto mgongoni mpaka hospitali Bariadi mjini, na huko wakaandikiwa kwenda Mwanza kupiga picha ya kichwa. Aliyewapokea Mwanza alikuwa daktari aitwaye Danford, anayefanya utafiti wa magonjwa ya namna hiyo.

"Mama, madini ya chuma yamejikusanya ndani ya ubongo wake, sehemu inayoongoza mwendo. Ni ugonjwa wa kurithi, tena adimu sana. Hakuna aliyemloga."

"Dawa ipo?"

"Ya kuponya bado, ndiyo tunayoitafuta. Ya kulegeza misuli ipo, na mazoezi yapo. Ila nisaidie kitu. Niletee majina ya koo zote mbili, walio hai na waliokufa, na nani alikuwa anatembeaje."

Esteria alirudi na karatasi ya kuandikia majina hayo kifuani. Masunga hakuitaka hata kuigusa. "Kwetu hakuna kilema. Hayo ni ya kwenu, na kwenu utarudi. Mtoto ni wa ukoo wangu, atabaki humu ndani." Akapeleka neno Mwanhuzi kwa Bundala, kaka yake Esteria, aje wazungumze ng'ombe wa mahari warudi.

Siku ikafika. Wazee wakakaa kando ya zizi. Esteria akafungua chumba cha nyuma, akamtoa Felisita, akampakata mbele ya macho ya wote. Moyoni alijua jioni ile wangeweza kutenganishwa.

Bundala akasema, "Shemeji, ng'ombe wamezaana. Taja uliyemtoa, nisije nikakupa wa shangazi yangu."

Kwa mambo hayo Masunga hana mpinzani Nkololo nzima. Akasimama. "Wa kwanza mwekundu mwenye baka. Mama yake yule mweusi wa pembe moja, bibi yake alitoka Kimali. Wa pili wa kijivu. Huyo nilisema wazi mbele ya marehemu baba yenu: ukoo wake ulikuwa na ndama wawili waliolegea miguu wakafa. Sikuficha."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, kweli hakuficha.

Esteria akainuka na mtoto mikononi. "Baba Felisita, ng'ombe umemtaja mpaka bibi yake, na ubovu wa miguu ya ndama wa ukoo wake. Sasa wataje watu wa kwenu hivyo hivyo. Tusikie."

Masunga akamgeukia mama yake, Ng'washi. Ndiye aliyejibu.

"Mayige hakukanyagwa na dume," Ng'washi alisema. Mayige alikuwa mdogo wake Masunga, aliyekufa akiwa mtoto, na watu wote walijua dume la ng'ombe lilimkanyaga. "Alianza kuanguka kama huyu, akakunjika mikono kama huyu. Tulimficha ghalani miaka minne. Alipokufa tukatunga habari ya dume, na wewe Masunga, ukiwa bado mtoto, nikakufundisha kuisema. Na dada yangu wa Kimali ana mjukuu hivi hivi. Yuko chumbani mpaka leo."

Masunga akakaa chini, kwenye vumbi la zizi. Baadaye akasema, "Mayu, mama yangu, mimi niliiamini ile habari."

"Basi yule kuku alituongopea," alisema Bundala, akaegesha fimbo yake. Ng'ombe hawakuzungumzwa tena.

Wiki iliyofuata Masunga mwenyewe aliandamana na mkewe kwa Danford. Esteria alikwenda kifua mbele, akijua sasa mwenye kosa amepatikana. Daktari akamshusha taratibu: "Mtoto haugui mpaka arithi kwa wazazi wote wawili. Kila mmoja wenu aliubeba ugonjwa huu bila kuugua wala kujua. Hakuna mkosaji."

Esteria akauliza, "Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

"Haya, tumelingana," Masunga akasema, akampokea mtoto.

Ng'washi, asiyejua kusoma, alikaa na Danford siku tatu akimtajia vizazi sita, na akawa anamsahihisha: "Hapana baba, huyo mchore huku, alizaliwa na mke mdogo." Kwa majina yale mtoto wa Kimali alitolewa chumbani, naye anapata mazoezi na dawa.

Felisita hatembei tena. Fundi amemtengenezea kiti cha magurudumu ya baiskeli, na anayemsukuma mpaka shuleni ni baba yake, akipita katikati ya gulio bila kuinamisha uso. Juzi nilimtega kitendawili changu kile. Alihangaika na ulimi wake muda mrefu, tukamsubiri, hakuna aliyemsaidia.

"Chuma," akasema.

Kwa kawaida mji hupewa mtegaji, lakini siku ile nikampa yeye, na alistahili.

Mafunzo

Mtoto mgonjwa si aibu ya ukoo. Kumficha ndiyo aibu. Tusimtwishe mama peke yake mzigo waliouzaa wawili. Na watafiti wakija kuuliza habari za ukoo, tuwaambie ukweli. Sisi ambao tunakumbuka ng'ombe mpaka bibi yake, hatushindwi kuwakumbuka watoto wetu.