Mwenyekiti Alitoka Nje

Siku ya usajili ukumbi ulifurika wanafunzi mpaka milangoni. Profesa alipita katikati yao kwa gauni la kijani na viatu virefu, na watu wakampisha bila kuombwa. Alianza kufundisha sayansi ya siasa akiwa binti wa miaka ishirini na sita, akapanda ngazi moja moja hadi naibu mkuu wa chuo. Wanafunzi walimpachika jina la Akidi, maana hakuwahi kufungua kikao kabla idadi ya wajumbe haijatimia, hata kama waziri anamngoja.

Toroli la vitabu likamziba njia.

"Samahani, si wewe uliyeazima kitabu cha historia ya uchaguzi?" aliuliza mwanamume aliyelisukuma, mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono. "Mimi ndiye mkutubi mpya. Jina lako linaongoza orodha ya wasiorudisha. Huu mwaka wa tisa."

"Bado nasoma."

"Herufi ngapi kwa siku?"

Profesa aliangua kicheko mbele ya wanafunzi, jambo lisilowahi kuonekana pale chuoni.

Simu zikawa za kila asubuhi. "Umeamkaje, Mheshimiwa?" "Salama, mpenzi. Kitabu chako hakijambo, kinakusalimu." Mwaka mzima ukapita hivyo. Profesa alipenda kama alivyofanya kazi zake zote, bila kubahatisha.

Kisha nafasi ya mkutubi mkuu ikatangazwa, naye mkutubi akaomba. Mwenyekiti wa kamati ya ajira alikuwa Profesa. Siku ya usaili mkutubi alikaa kwenye benchi la ukumbini, akiwa na tai ya bluu ambayo Profesa mwenyewe alimchagulia. Ndani likasomwa jina lake. Mlango ukafunguliwa, Profesa akatoka, akampita bila kumtazama. Angemtazama angetabasamu, na tabasamu lile lingekuwa kampeni.

Saa kumi alasiri simu ya Profesa iliita.

"Jina langu limesomwa tu, ukatoka. Nimekukosea nini?"

"Mpenzi, ya kikao ni siri mpaka kumbukumbu zitoke."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako."

"Haya, Profesa." Tangu waanze kupendana hakuwahi kumwita hivyo. Simu ikakatwa.

Dada mkubwa wa Profesa alimjia juu. "Mwambie mwenzio ukweli, mdogo wangu! Sentensi moja tu!"

"Dada, miaka ishirini na mbili nafundisha kwamba mtu hakai kwenye kesi yake mwenyewe, na siri ya kikao haitoki. Nikivunja leo, nitawaambia nini wanafunzi?"

"Utawaambia nini ukishabaki peke yako?"

Maneno hayo yalimchoma. Alimpenda yule mwanamume, aliogopa kumpoteza, na bado alinyamaza. Siku kumi na nne alishika simu na kuiweka.

Mkutubi alipata kazi. Mkutubi mkuu huwa mjumbe wa kamati kwa cheo chake, kwa hiyo kumbukumbu za kikao kilichopita zikaletwa mezani kwake azisome. Asubuhi ile ile mlango wa ofisi ya Profesa ulifunguliwa bila hodi.

"Kipengele cha nne," mkutubi alisoma. "'Mwenyekiti alitangaza kuwa ana maslahi, kwa kuwa anampenda mwombaji na anatamani kuwa mke wake. Alitoka nje na hakupiga kura.'" Akainua macho. "Watu kumi na mmoja walijua kabla yangu?"

"Akidi ilitimia," Profesa alijibu, lakini machozi yalishamlenga.

"Nilikuwazia vibaya. Nisamehe, mpenzi."

"Nilishakusamehe. Umekuja na hilo tu?"

"Kuna mengineyo. Natoa hoja nikuoe."

Profesa alivuta droo, akatoa kitabu cha historia ya uchaguzi, akamwekea mikononi. "Nilikimaliza zamani. Nilikiweka ili uendelee kunitafuta."

"Na hoja yangu?"

"Imepita."

"Kwa wajumbe wawili, Mheshimiwa? Wewe?"

"Hii," alisema, akimnyooshea tai, "akidi yake ni wawili."