Chumba cha Mwisho Hakivuji

Kila alasiri, Maxine alitoka shuleni, akavua sare, akala viazi vilivyobaki, kisha akasubiri mvua. Si kwamba aliipenda. Mvua ya Sosiot huja na mawe makubwa ajabu. Mwaka mmoja kuku wa jirani aliyatamia mpaka jioni akidhani ni mayai, akaondoka na mafua.

Mamake, Quinter, alifanya kazi ya shifti katika kiwanda cha majani chai. Alikuwa amejenga vyumba vya mabati vya kupangisha nyuma ya nyumba yao, lakini muda wa kuvishughulikia hakuwa nao.

"Mvua ikinyesha, ingia kila chumba uangalie juu," alimwagiza Maxine. "Ukiona tone, niambie kabla sijaweka mpangaji."

Maxine alikagua vyumba vya karibu. Cha mwisho kilikuwa ng'ambo ya tope, na raba zake zilikuwa nyeupe.

"Vyote vikavu, Mama," alisema kila jioni.

Basi chumba hicho cha mwisho akahamia Orina, fundi wa kushona, na cherehani yake na rundo la sare za wateja. Siku moja akiwa sokoni, mvua ilimwagika. Aliporudi na kukuta sare zimelowa, kelele zake zilisikika mpaka Sigowet, na huenda hata Sigowet waliziba masikio.

"Mama Maxine! Hii ni nyumba ama chujio? Naenda kutangaza soko zima! Hakuna mtu atalala hapa tena!"

Quinter, aliyekuwa ndio tu ametoka kazini, alimpigia simu Seth, fundi aliyeezeka vyumba hivyo. Seth alifika akiwa amelowa.

"Ulinifanyia kazi mbovu!" Quinter alimfokea.

"Mimi? Si nilikwambia tuangalie mabati kwanza wakati wa mvua? Ukaniambia hakuna tone!"

"Mtoto wangu aliangalia! Kwani yeye ni kipofu? Mwongo ni wewe. Kesho nitaambia kiwanda kizima wasikupe kazi."

Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua. "Seth wa chujio!" mmoja alidakia, wakaangua kicheko. Maxine alimwona Seth akiinama kuokota mfuko wake wa vifaa.

"Mama," Maxine alisema. "Hicho chumba sikuwahi kuingia."

Majirani wakamgeukia.

"Kumbe ni huyu!" Orina alinguruma. "Sare za watoto wa watu zimeharibika juu ya uvivu wako!"

Quinter aliinua mkono, kisha akaushusha. "Mwombe Seth msamaha. Hapa hapa, mbele ya hawa wote."

Maxine aliomba. Seth, bado amenuna, alipanda juu, akakuta msumari uliokosa raba ya kuzuia maji, akaubadilisha na kupaka lami. Maxine alifua sare zote na kuzipiga pasi, Orina amemsimamia kama askari.

"Huo mkunjo! Rudia! Nitakaa mwezi huu tu, nione."

Jioni Quinter alimwita bintiye.

"Mtu asiye na muda anaweza kupangisha nyumba," alisema, "lakini lazima awe na mtu wa kumwambia ukweli. Nikiwa kiwandani, wewe ndiwe macho yangu. Ulinidanganya, nami nikamtukana mtu asiye na kosa mbele ya watu." Akajifunga leso. "Wewe umeshaomba msamaha. Mimi bado. Twende kwa Seth, na tupitie kwa hao majirani wote waliocheka."