Sauti Ndani ya Msichana wa Chuma

Chai ilikuwa ya tangawizi, kali, iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi. Matano hakuweza kufanya kazi bila chai hiyo, maana kazi yake ilikuwa kusema, na kusema saa mbili mfululizo kunakausha koo. Kila jioni mkewe Biasha alikuwa akimtuma mtoto wa jirani apeleke chupa kwenye banda la video. Jioni hiyo mtoto wa jirani alikuwa anaumwa tetekuwanga. Biasha akajifunga leso, akaichukua chupa mwenyewe, akashika njia ya madukani Ukunda. Magharibi ilikuwa haijaadhiniwa.

Hakuwa amekanyaga pale kwa miezi minane. Tangu Warda.

Warda alikuwa binti yao, wa kwanza na wa mwisho. Alikufa kwa homa mwezi wa Novemba mwaka wa tisini na saba, zile mvua za El Nino zilipokata barabara na gari lisipatikane. Miaka saba alikuwa nayo. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, mapya hayajaota, na kila neno lenye "s" lilipita pale penye pengo likipiga mluzi mdogo. Mama yake alikuwa akimcheka. Angejua, asingecheka, angekaa kimya amsikilize.

Alipofika kwenye ukuta wa mabati, Biasha alisimama.

Mle ndani mtoto alikuwa anasema.

"Sitaki... sitaki kurudi peke yangu..."

Na kila "s" ilipiga mluzi.

Chupa ilimponyoka. Aliidaka kwa goti, akaikumbatia kifuani. Kisha akaelewa, na hasira ikampanda mpaka masikioni.

Ni Matano. Nani mwingine?

Matano alikuwa mtafsiri wa filamu. Kanda zilikuja na Kichina, Kihindi, Kiingereza, na yeye alikaa kando ya runinga na kipaza sauti akazisema zote kwa Kiswahili: jambazi kwa sauti nzito, bibi harusi kwa sauti nyembamba, hata mbwa alibweka. Lugha za watu alikuwa hazijui. Alitazama midomo ikifunguka akaipa maneno, na watu wa Ukunda waliapa kwamba maneno yake yalikuwa matamu kuliko ya wenyewe. Sasa mwezi huo ilikuja kanda ya katuni, ya Kijapani, iliyotengenezwa kutokana na mchezo wa runinga ambao watoto walikuwa wakiucheza pale pale nje ya banda. Msichana aliyevaa chuma kutoka kichwani hadi miguuni anaruka kutoka nyota moja hadi nyingine akitafuta kwao. Roho anazo tatu, nazo zinaonekana kama taa tatu nyekundu juu kwenye pembe ya kioo cha runinga. Akianguka, taa moja inazimika, anainuka tena. Warda alikuwa fundi wa mchezo huo. Wavulana wakubwa walimpisha.

Kumbe baba yake ameona msichana wa chuma, akamtia sauti ya marehemu. Mbele za watu. Kwa kiingilio.

"Karibu, Mama Warda!" Mbithi, mwenye banda, alikuwa mlangoni. Alikuwa mtu wa bara, aliyekuja pwani na jenereta moja na bidii nyingi. "Leo umetukumbuka! Hii katuni ya mzee wako imeshika mtaa mzima. Wengine wanaingia mara tatu, haki ya Mungu!"

"Alhamdulillahi," alijibu Biasha, akampita.

Ndani palikuwa na giza, joto na jasho la watoto. Alisukuma njia hadi mbele kwa Matano, akaiweka chupa mezani kwa kishindo. Matano akageuka. Alipomwona mkewe hakushtuka. Alimtazama tu, kwa macho mekundu yaliyokosa usingizi, akamsogezea kibao cha kukalia. Biasha alikuwa amekuja na maneno yake tayari. Aliketi nayo.

Msichana wa chuma alikuwa ameanguka kwenye mchanga wa nyota fulani ya mbali. Taa moja ilizimika. Watoto wakaguna.

Matano akafungua chupa. Akamimina chai kwenye kifuniko. Akakiweka kinywani, akafumba macho, akaanza kunywa.

"Mama... nikuambie kitu?"

Biasha alimtazama mumewe. Koo lake lilikuwa linapanda na kushuka. Alikuwa anameza.

"Mama... nikuambie kitu?"

Kipaza sauti kilikuwa kimelala mezani.

Ndipo harufu ikamfikia. Kafuri. Ile kafuri ya maiti, aliyoiponda kwa mikono yake siku Warda alipooshwa. Ilitoka kule kwenye runinga, ikapita juu ya jasho la watoto wote wale, ikamtafuta yeye. Hakuna mtoto aliyeziba pua.

Adhana ililia. Mbithi alikuwa Mkristo lakini mwenye adabu zake: adhana ikilia alizima kila kitu na kuwatoa watoto. Aliwatoa. Matano akamwomba aiache jenereta ikivuma, kuna mahali kwenye kanda anataka kupafanyia mazoezi. Mbithi akaenda zake kutafuta chapati. Wakabaki wawili, na kioo cheusi mbele yao.

"Tangu lini?" Biasha alinong'ona.

"Wiki mbili. Siku tatu za mwanzo nilikuwa mimi. Wallahi nilikuwa mimi, Mama Warda. Nilitaka nimsikie tu, hata kama ni kutoka kinywani mwangu. Siku ya nne nilikohoa..." Akaifunga chupa. "Nilikohoa, na yeye akaendelea."

"Na hukuniambia."

"Ungesema tuizime."

"Ni pepo, Baba Warda."

"Basi na awe pepo!" Sauti ilimpasuka. "Tukiizima tutamsikia wapi? Niambie wapi, nami nitaizima sasa hivi."

Biasha alinyoosha mkono mwenyewe, akabonyeza kitufe cha deki ya video.

Msichana wa chuma akainuka kutoka mchangani. Macho yake yalikuwa makubwa, kama wachoravyo Wajapani. Taa mbili zilikuwa zinawaka. Alikimbia, daraja likakatika chini yake, akaanguka. Ikabaki moja. Midomo ikafunguka.

"Mama, nimechoka kuanguka."

Biasha aliiuma leso.

"Kila jioni naanguka mara tatu. Watoto wanapiga makofi. Halafu baba anairudisha nyuma, naanza tena. Mama... sasa hivi kifua kinaniuma."

"Tumwache, Baba Warda," alisema Biasha. Matano alikuwa analia bila sauti, mikono imelegea mapajani.

"Mama, niruhusu. Ulisema hunipi."

Hapo Biasha aliinuka kutoka kwenye kibao. Kwa sababu neno hilo hakulijua mtu. Hata Matano hakulijua.

Ilikuwa hivi. Kwetu mtoto akifa, mama huwekwa karibu naye kabla ya jeneza kutoka, akatamka kwamba amemwia radhi na kwamba maziwa aliyonyonya amemhalalishia, ili aende mwepesi. Walimwacha Biasha na Warda chumbani peke yao, wakafunga mlango. Wanawake waliokuwa ukumbini waliamini amesema. Hakusema. Aliinama kwenye sikio lile dogo lililopakwa kafuri, akanong'ona: "Sikupi radhi. Usiende. Sikupi." Alidhani asipomfungulia mlango mtoto hataondoka. Nanyi msiharakishe kumlaumu. Alikuwa mama, na alikuwa ameshanyang'anywa kila kitu isipokuwa neno hilo moja.

"Nilimnyima radhi," alimwambia Matano sasa, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. "Siku ile. Nilimnyima."

Matano hakumkemea. Alichukua kipaza sauti, akakifuta kwa ncha ya shati, akamwekea mkononi.

Kwenye kioo msichana wa chuma alikuwa anapanda mlima wa mwisho. Nyota ya kwao ilikuwa inaonekana. Kila mtoto wa Ukunda alijua kwamba hataifikia.

"Warda," alisema Biasha. Jina lilijaa banda zima, likagonga mabati, likarudi. "Warda, mwanangu. Nisamehe nimekuchelewesha. Nimekuwia radhi. Mimba niliyokubeba nimekuwia radhi. Maziwa uliyonyonya nimekuhalalishia, tone kwa tone. Nenda, mama. Nenda."

Msichana aligeuza uso. Katika kanda ile, Matano aliapa baadaye, hageuki mahali pale.

"Niende?"

"Nenda."

Mguu ukateleza. Akaanguka taratibu, chuma kikimbanduka kipande kipande, na taa ya tatu ikazimika.

Halafu runinga ikatoa sauti ya mwanamke mzima, akisema Kijapani. Maneno ya watu, yasiyowahusu. Harufu ya kafuri ikawa haipo. Matano alijaribu kusema "nikuambie kitu" kama Warda alivyokuwa akisema, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilitoka sauti ya mwanamume mwenye koo bovu. Akafunika uso kwa mikono, na Biasha akamshika kichwa, wakalia mpaka Mbithi akarudi na chapati zake na kusimama mlangoni asijue la kufanya.

Kesho yake walikwenda kwa mwalimu wa madrasa wakamweleza. Aliwasikiliza hadi mwisho. "Yule si mwanenu," alisema. "Wapo wanaovaa sauti za watu. Huingia penye kilio." Biasha akamuuliza: na lile neno la chumbani amelijuaje? Mwalimu akazungusha tasbihi yake.

Siku nane Biasha alilala usingizi. Alipika, alifagia, aliwasalimia watu. Siku ya tisa alimtuma Matano akainunue ile kanda ili waizike. Mbithi akasikitika kweli kweli. Kanda hazikai mahali pamoja, alisema. Ameshabadilishana na dada yake Syovata, mwenye banda kule Samburu kwenye barabara ya malori. Akaahidi kuiulizia.

Syovata alikuja mwenyewe, Jumamosi, kuleta mbuzi. Alipita kwa Biasha kutoa pole yake ya miezi minane, kisha akacheka, akampiga begani.

"Lakini mzee wako ni fundi, dada! Kumbe huwa anarekodi? Sisi kule hatuna mtafsiri, nilijua watu watakataa hiyo katuni. Naiweka, nasikia Kiswahili. Kiswahili chenu hiki cha Pwani."

Biasha alikuwa anachambua mchele. Mkono ulisimama juu ya ungo.

"Inasema nini?"

"Huyo msichana? Ai, inahuzunisha. Madereva wazima wanalia. Mwisho wa katuni, taa zote zimezimika, kioo ni cheusi, bado anaita mamake. Anasema mamake alimwambia aende, amekwenda, na hakuna mtu wa kumwonyesha njia. Anauliza arudi ama akae hapo hapo gizani." Syovata aliacha kucheka. "Dada? Nimesema vibaya?"

"Si yeye," alisema Biasha.

"Si nani?"

"Mwalimu amesema si yeye. Nami najua si yeye. Nilimpa radhi, nikamaliza."

Aliuweka ungo chini. Alisimama, akajifunga leso ya kutokea, akaifunga sana, kama anayekwenda safari. Akauliza gari la kwanza la kwenda Samburu huondoka saa ngapi.