Herufi Nne za Mashine Namba Tisa

Uvumi ulimkuta fundi cherehani bombani Jumatano alfajiri, ndoo ikiwa haijafika nusu: binti yake anafungua picha za uchi kwenye kompyuta za shule. Aliyesema hakusema kwa ubaya. Alishusha sauti tu, na hilo ndilo lililomganda fundi njia nzima. Kufika nyumbani, akamzaba binti kofi kabla ya kumuuliza lolote.

Saa nne, kama alivyoitwa, alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mezani palikuwa na orodha ya wiki hii kutoka chumba cha kompyuta, na barua ya kukiri kosa. Akiisaini, binti anasimamishwa, na mtihani wa mwisho ni Jumatatu.

"Tuna ukuta hapa shuleni," mwalimu wa kompyuta alieleza. "Si wa matofali. Ni programu inayozuia tovuti chafu. Nimeipa maneno, ukurasa wenye neno mojawapo haufunguki, na jaribio linaandikwa. Jana saa tano, mashine namba tisa, namba ya siri ya binti yako. Mara kumi na moja. Neno: uchi."

"Kurasa zenyewe zilihusu nini?"

"Mama, neno lenyewe halikutoshi?"

Fundi aliomba kukaa na orodha ile. Mwalimu mkuu akampa mpaka saa nane.

Alianza na anayekaa na binti yake dawati moja, msichana waliyemwita Redio.

"Uliiba namba ya mwanangu?"

"Yake nitaikumbuka vipi, shangazi? Yangu mwenyewe nimeiandika ndani ya kiatu." Akavua kuonyesha. Ilikuwemo. "Halafu jana saa tano nilikuwa zamu ya kufagia. Muulize kiranja."

Kiranja alikubali.

Binti alikuwa kwenye benchi la nje, shavu amelielekezea ukutani.

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Kazi ya kilimo, mama." Akatoa daftari. Kuchipua kwa mbegu za maharage. Kuchimba mashimo ya miche. "Kila nikifungua inagoma. Nikadhani mashine mbovu, nikarudia."

Fundi aliishia shule ya msingi, na husoma akisukuma kidole herufi moja moja. Kwenye neno la kwanza kidole kikasimama. Akaifunika K. Akaufunika na mkia wa neno. Akatazama kilichobaki katikati, kisha akashuka mstari wa pili, akafanya vilevile.

Saa nane walikuwa chumba cha kompyuta: fundi, binti na walimu wote wawili.

"Mwalimu, niandikie hapo: kuchipua."

Mwalimu wa kompyuta hakugusa kitu. Mwalimu mkuu akaandika mwenyewe. Kioo kikajibu: Ukurasa umezuiwa. Neno: uchi.

"Inasoma kama mimi," fundi alisema, "herufi kwa herufi. Ila mimi nikimaliza neno narudi nyuma kulitazama lote."

"Basi ni kosa la mashine," mwalimu mkuu alisema.

"Lingekuwa la mashine kama lingeishia Jumatatu." Akaweka kidole mstari wa juu kabisa wa orodha. "Jumatatu, saa mbili, mashine namba moja. Mara moja tu, haionekani tena. Namba moja iko meza ya nani?"

"Yangu," mwalimu wa kompyuta alisema.

"Ulitafuta nini, mwanangu?"

"Uchimbaji wa visima."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua." Alikuwa akiongea na sakafu. "Nikaifungulia mashine yangu peke yake. Kikaoni niliwaambia wazazi ukuta wangu haukosei. Niliona haya kurudi kusema umekosea."

"Haya hiyo ukambebesha binti yangu."

Mwalimu mkuu aliichana barua, akaagiza mwalimu ayaseme yote kesho mstarini, mbele ya shule nzima. Kofi la alfajiri halikuwa na wa kulichana. Fundi alimshika binti mkono. Mkono wa binti ulichelewa kidogo kuushika wake.

Wazazi, epukeni haya:

Kumpiga mtoto kwa neno la bombani.

Kusaini karatasi usiyoisoma, hata kama unasoma polepole na watu wanakusubiri.

Kudhani kila ukurasa uliofungwa ni mchafu.

Kudai ukuta ubomolewe. Watoto wanauhitaji; anayeujenga ndiye wa kuulizwa.

Kumuuliza mtoto baadaye. Muulize kwanza.